Nafasi ya Jina

Nilipoacha chuo nikiwa mwaka wa tatu, kazi ya kwanza niliyopata ilikuwa kwenye kiduka cha vikombe na medali karibu na River Road. Kama hujawahi kuingia duka la aina hiyo, hebu nikupe picha. Medali huja kwa katoni, tupu, mia moja kwa kila pakiti. Mbele zina shada la majani, na katikati kuna kijishimo cha duara cha kubandikia stika. Stika ya mpira kwa timu za mtaani, ya tochi kwa shule, ya noti za muziki kwa kwaya za kanisa. Medali ni ile ile, awe ameshinda mbio za nyika au ameongoza darasa la nne kwa mwandiko safi. Mteja akiongeza kitu kidogo, unageuza upande wa nyuma na kumchongea jina.

Mimi nilikuwa mtu wa majina. Nilikaa kwenye mashine nikiandika herufi za watu nisiowajua, siku nzima, kwa malipo ambayo hayakutosha nauli na chakula kwa pamoja.

Siku moja nikakosea. Klabu moja ya mpira ilikuwa imechanga kutengeneza kibao cha kumbukumbu ya mchezaji wao aliyefariki, na mamake ndiye aliyekuja kukichukua. Nilikuwa nimeandika Odiambo. H imepotea njiani. Mama alikishika kibao, akakisoma polepole kwa kidole, akakirudisha juu ya meza.

"Mwanangu, huyu si wangu," akasema.

Hakupiga kelele. Mzee mwenye duka akaomba radhi, akanitazama kwa jicho ambalo nililielewa, na gharama ya kibao kipya ikatoka kwenye mshahara wangu. Sikuteta. Tangu siku hiyo, nikionyeshwa medali yoyote, hata ile ya bei mbaya iliyochongwa na msanii mkubwa wa Ulaya, naanza na jina. Kama kuna nafasi ya jina, iko wapi? Nani aliyeiacha, na aliiacha kwa ajili ya nani?

Nayasema haya kwa sababu nataka kuandika kuhusu mashindano ya wasanii yaliyofanyika zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na nisingependa ufikiri nimetoka maktaba.

Mwaka 1917, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa bado havijaisha, serikali ya Uingereza ilitangaza tuzo kwa wachongaji. Walitakiwa kubuni sahani ndogo ya shaba ambayo ingepelekwa kwa jamaa wa kila aliyekufa vitani. Masharti yalikuwa ya wazi: ukubwa fulani, mchoro wenye maana ambao mtu wa kawaida angeuelewa, maneno ya kusema kwamba marehemu alikufa kwa ajili ya uhuru na heshima, na nafasi ya kuandika jina lake. Kila mshiriki alitumia jina la bandia ili waamuzi wasijue wanamhukumu nani. Kazi zaidi ya 800 zikafika, nyingine zikitoka kwa wanajeshi waliokuwa bado kwenye medani za vita. Machi 1918 mshindi akatangazwa: Edward Carter Preston wa Liverpool, aliyekuwa amejificha nyuma ya jina la Pyramus. Tuzo ilikuwa pauni 250.

Sahani yenyewe ina upana wa sentimita 12 hivi, yaani inajaza kiganja cha mtu mzima. Amesimama Britannia, yule mwanamke wa kofia ya chuma anayewakilisha Uingereza, ameshika mkuki wa ncha tatu na mkono mwingine unanyoosha shada la majani. Mbele yake kuna simba. Pomboo wawili wanaogelea pembeni kuashiria nguvu za baharini. Chini kabisa, kwenye kijinafasi chembamba, simba mwingine anamrarua tai, na tai ni Ujerumani. Maneno yamezunguka ukingo wote. Na chini ya mkono wenye shada kuna kisanduku cha mstatili, na ndani yake jina.

Tuanze na makosa yake, kwa sababu yapo. Kwanza, imejaa. Mwanamke, simba wawili, pomboo wawili, tai, majani, mkuki. Utadhani msanii alipewa orodha ya sokoni na akaogopa kusahau kitu. Pili, karibu kila kilichomo kilikuwa kimeshatumika. Britannia alikuwa kwenye senti ya Kiingereza miaka mingi, ndiyo maana watu wa mitaani hawakukawia kuibatiza sahani hii Senti ya Marehemu. Jina hilo ni la kejeli na ni uhakiki mzuri kuliko wangu: umenipa mwanangu akiwa na sura ya sarafu, sasa nikanunue nini nayo? Tatu, simba. Watu wa bustani ya wanyama ya Clifton kule Bristol walilalamika kwamba simba wa Carter Preston ni mnyonge, hana hadhi ya simba. Sisi wenye simba kwenye sarafu ya bob kumi tunaweza kucheka, ila lalamiko hilo linaonyesha kitu. Umma ulikuwa umeonyeshwa kifaa cha msiba, na kilichowashughulisha waungwana fulani ni ukubwa wa paka.

Nne, na hili ndilo zito, yale maneno ya uhuru na heshima. Carter Preston hakuyatunga. Yalikuja na masharti. Ukitaka pauni 250, uchonge hivyo. Huwezi kuchonga kwamba alikufa kwa kuhara kambini, au kwamba alikufa kwa sababu ofisa fulani alisoma ramani vibaya. Hapa ndipo wengi wanaponiambia, si unaona, tuzo huua sanaa. Anayelipa ndiye anayechagua maneno, msanii anabaki kupamba.

Na mfano wao huwa tayari. Wanamtaja Karl Goetz wa Munich. Meli ya abiria Lusitania ilipozamishwa na nyambizi ya Ujerumani tarehe 7 Mei 1915 na watu karibu 1,200 wakafa, Goetz hakungoja mashindano ya mtu. Alitengeneza medali yake mwenyewe, kwa pesa yake, akiikejeli kampuni ya meli kwa kuuza tikiti wakati wa vita. Upande mmoja meli inazama ikiwa imesheheni silaha. Upande wa pili abiria wanapanga foleni dirishani, na anayewauzia tikiti ni kifo chenyewe, mifupa mitupu. Ni kazi kali. Inakaa akilini kuliko Britannia na pomboo wake wote.

Lakini msanii huru naye ana matatizo yake. Goetz aliandika tarehe 5 Mei badala ya 7. Waingereza wakalidaka kosa hilo, wakadai ni ushahidi kwamba mauaji yalipangwa mapema, wakatengeneza nakala za medali hiyo hiyo kwa mamia ya maelfu na kuzigeuza silaha dhidi ya nchi yake. Kwa hivyo tarakimu moja iliiondoa kazi mikononi mwa mwenyewe. Na ukiitazama tena utagundua jambo lingine: abiria wale kwenye foleni hawana majina. Ni umati. Wamewekwa pale ili mzaha ukamilike.

Ndiyo maana narudi kwa Carter Preston, pamoja na simba wake mnyonge. Tazama kile kisanduku. Majina hayakuchongwa baadaye kwa mkono, kama nilivyokuwa nikifanya River Road, kwa herufi nyembamba zinazofutika ukisugua. Yalitoka kwenye kalibu pamoja na sahani, yameinuka, mwili mmoja na Britannia na kila kitu kingine. Ukipitisha kidole unayahisi. Na hakuna cheo. Jenerali na askari wa kawaida wanapata kisanduku kimoja, jina tupu, bila koplo wala meja. Sahani zaidi ya milioni 1.3 zilitengenezwa kwa mtindo huo. Karibu 600 zilikuwa za wanawake, na kwa hao ilibidi maandishi yabadilishwe ili yaseme ni mwanamke aliyekufa. Kwa Kiingereza tofauti hiyo ni herufi moja tu, nayo ikabidi ibanwe ili iingie. Herufi moja! Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka yule mama.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Kama mchoro, ni kazi ya wastani. Kama jibu la swali, ni kazi kubwa. Swali lilikuwa, utatengenezaje kitu kimoja mara milioni moja, na kila mara kiwe cha mtu mmoja? Picha zote zimesukumwa pembeni na juu ili kisanduku kikae mahali ambapo jicho linaangukia na mkono wa Britannia unaelekea. Shada halivishwi mfalme. Linashikwa juu ya jina la mtoto wa mtu. Hilo masharti hayakumlazimisha. Masharti yalidai nafasi tu, na angeweza kuificha chini kama wanavyofanya wengi. Tuzo nzuri hufanya hivi. Inampa msanii tatizo gumu na mipaka, inaficha jina lake ili asibebwe na umaarufu, kisha inaona ni nani aliyeisikiliza shida yenyewe.

Ningeishia hapa kama ningekuwa mtu wa Liverpool. Mimi ni mtu wa Nairobi, na mtu wa Nairobi hupanda matatu za Kariokor.

Mwaka huo huo wa 1917, wachongaji wakiwa na udongo mikononi wakiwazia kisanduku cha jina, huku kwetu serikali ya kikoloni ilikuwa kwenye msako mkubwa wa watu. Vita dhidi ya Wajerumani wa Tanganyika vilihitaji miguu. Hakukuwa na barabara, na mbung'o walikuwa wanaua farasi na nyumbu, kwa hiyo mizigo ilibebwa vichwani. Sheria ya 1915 ilikuwa imeshafanya kazi hiyo kuwa ya lazima, na mwaka 1917 ndio wanaume walikusanywa kwa wingi zaidi, vijiji kwa vijiji. Kikosi kikaitwa Carrier Corps. Ulimi wetu ukakigeuza Kariokor kwa Nairobi, Kariakoo kwa Dar es Salaam. Makumi ya maelfu hawakurudi, na wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, unga usioiva na uchovu.

Nenda Kenyatta Avenue uangalie kumbukumbu yao. Ipo tangu 1928. Ni watu watatu wa shaba, askari na mbebaji mizigo wakiwemo, wamesimama juu ya jiwe, na chini kuna maandishi kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Nimepita pale mara nyingi nikikimbilia gari na sikuwahi kusimama hadi nilipoanza kuandika haya. Kama uchongaji, zile sanamu ni bora kuliko sahani ya Carter Preston. Miili ina uzito. Mbebaji anaonekana mtu aliyetembea. Maandishi yanawaambia waliokufa kwamba wana wao watayakumbuka majina yao.

Nikazunguka jiwe lote. Hakuna jina hata moja.

Nilisimama pale nikajisikia mjinga kidogo, kwa sababu nilikuwa nikitafuta kwa makini kabisa, kama mtu anayetafuta shilingi iliyodondoka. Mchuuzi wa maji akaniuliza nimepoteza nini.

Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo kanuni yake tangu mwanzo ilikuwa kila aliyekufa aandikwe jina lake bila kujali cheo wala rangi, ilikiri katika ripoti ya Aprili 2021 kwamba kanuni hiyo haikutufikia. Waliokufa kati ya 116,000 na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni.

Utetezi wa zamani unaujua: majina hayakuandikwa, orodha zilikuwa hafifu, watu walikuwa wengi, Mwafrika mwenyewe hajali kaburi. Sehemu ya kwanza ina chembe ya ukweli. Lakini kumbuka kilichofuata. Vita vilipokwisha, kuanzia 1919 na 1920, serikali hiyo hiyo ilianza kuwaandikisha wanaume wa Kiafrika wa koloni hili wa kuanzia miaka kumi na sita. Kila mmoja akapewa kipande. Ndani ya kipande mna jina lake, kabila lake, alama za vidole, mwajiri wake na mshahara wake. Kikatiwa kwenye kikebe cha chuma, akakivaa shingoni. Kumbe majina yaliandikika. Kumbe wino ulikuwepo, na chuma kilikuwepo, na hata ile kamba ya shingoni ilikuwepo.

Nikiwa mhakiki wa medali, naona lazima nikihesabu kipande kama medali. Kina kila kitu. Ni chuma, ni kidogo, kinavaliwa kifuani, kinatolewa na serikali, kina nafasi ya jina. Kilitengenezwa kwa ajili ya aliye hai anayeweza kufanya kazi au kutoroka kazi. Sahani ya Carter Preston ilitengenezwa kwa ajili ya aliyekufa. Weka vyote viwili kwenye meza moja na utaona dola nzima ilivyogawa majina: kuna ambao jina lao liliandikwa ili waombolezwe, na kuna ambao liliandikwa ili wakamatwe.

Je, hilo ni kosa la Carter Preston? Hapana. Alitoa jibu zuri kwa swali aliloulizwa. Lakini uhakiki ukiishia kwenye jibu bila kumgusa muulizaji, unakuwa kama ule wa watu wa Clifton. Unapima simba.

Nasema haya kwa sababu tunaelekea kwenye mambo ya tuzo na sisi. Kila Jamhuri Dei nishani zinatolewa, na orodha ya waliopata huwa na majina ambayo mtaani huzua kicheko. Katiba ya 2010 ilikataza sura ya mtu yeyote kwenye noti na sarafu, na Desemba 2018 tukapata sarafu mpya zenye wanyama. Niliipenda hatua hiyo. Ila naona kama tumekimbilia kwa twiga na kifaru kwa sababu hatujakubaliana ni binadamu gani anastahili chuma. Wakati Mfalme Charles alipokuja mwishoni mwa 2023, alifika makaburi ya Kariokor, akawakabidhi upya medali wakongwe wachache wa vita vya pili vya dunia. Walikuwa wamezitupa zile za kwanza miaka ya Mau Mau, kwa kuogopa kukutwa nazo. Hebu fikiria hilo. Mtu anapewa medali, kisha anaona usalama wake uko katika kuitupa. Hakuna mhakiki aliyewahi kuandika hukumu nzito kama ile.

Kwa hiyo siku ikitangazwa tuzo ya kubuni medali ya wabebaji mizigo wa Kenya, na naamini itatangazwa, nina maoni kwa kamati. Msituletee masharti kuhusu bendera, ngao na mikuki. Msituandikie maneno ya pembeni mapema. Uhuru na heshima havikuwa kwenye ule mzigo. Fungueni mashindano kwa mafundi wa jua kali wa Kamukunji, ambao wanakijua chuma kuliko mtu yeyote mwenye digrii ya sanaa. Fichweni majina ya washiriki kama ilivyofanyika 1917. Na kabla ya pauni au shilingi ya kwanza kumwendea msanii, walipwe watu wa kutafuta majina: kwenye nyaraka za zamani, kwenye makanisa, kwa nyanya na babu ambao bado wanakumbuka fulani aliyechukuliwa asirudi. Jina likipatikana litoke kwenye kalibu, lisibandikwe kwa stika. Lisipopatikana, kisanduku kiachwe wazi na kionekane. Msikijaze kwa majani.

Kuhusu mimi na chuo, hakuna hadithi ndefu. Karo iliisha. Wenzangu walipofuzu, mamangu aliomba aonyeshwe kile kijitabu cha sherehe, akapitisha kidole kwenye safu ya majina ya kozi yangu kutoka juu hadi chini, akijua wazi kwamba silo. Kisha akakifunga akaniuliza kama nimekula.

Kibao cha yule mchezaji nilikirudia usiku huo huo. Niliandika jina kwenye karatasi kwanza, nikalisoma kwa sauti, nikahesabu herufi, nikampigia mama simu nimsomee moja moja. Alifika asubuhi kabla hatujafungua. Alipitisha kidole kama mara ya kwanza, akafika kwenye h, akasimama hapo kidogo, kisha akakifunga kibao ndani ya leso na kwenda zake.